Nilivyounga Waya kwa Rangi Nikamponza Papa Kasongo

Kama mna hamu ya kunicheka basi nichekeni sasa hivi tumalizane, maana nikishaanza sitaki kukatizwa: mimi Hemedi, fundi umeme wa magari, mtoto wa Tanga niliyekaa Johannesburg miaka mingi nikijisifu kwamba hakuna waya unaonishinda, niliwahi kusababisha kombi ya kanisa iombewe itokwe na pepo, barabarani, mchana kweupe, mbele ya watu wasiopungua mia, na pepo mwenyewe nilikuwa mimi. Huku Turffontein mkasa huu unahadithiwa kwa namna nyingi (kuna jamaa mmoja anaapa kwamba gari liliruka), lakini mimi ndiye niliyekuwepo na mimi ndiye niliyeaibika, kwa hiyo nisikilizeni mimi, na ikifika ile sehemu ambayo huwa napenda kuipita haraka haraka, msiniruhusu.

Ilikuwa kama mwaka 2017 hivi. Gereji yangu ilikuwa uwani kwa mzee mmoja, mtaa wa pili tu kutoka uwanja wa mbio za farasi, na wateja wangu wengi walikuwa Wakongo, watu wazuri sana kufanya nao kazi isipokuwa wanakuletea gari likiwa limeshaguswa na mafundi sita. Mmoja wao alikuwa Papa Kasongo, mtu wa Lubumbashi, mrefu kama nguzo ya simu, mpole, umri wa kuitwa baba na kila mtu, dereva wa kombi ya kanisa moja lililokuwa linasali Marshalltown katika ukumbi ulio juu ya maduka. Yeye na mkewe na wajukuu wawili walikuwa wanaishi katika chumba nyuma ya ukumbi huohuo, chumba alichopewa kwa sababu ya udereva, maana yake ni kwamba siku udereva unaisha na chumba kinaisha. Hilo nilikuwa nalijua vizuri. Likumbukeni na nyinyi.

Sasa ule urefu wake ndio ulioanzisha mambo. Chini ya dashibodi, upande wa dereva, kila gari la kisasa lina soketi ya diagnosis, ndiyo ile fundi anachomeka mashine yake kuliuliza gari linaumwa nini. Kila akikanyaga klachi goti la Papa Kasongo lilikuwa linaigonga, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka ikapasuka na vyuma vya ndani vikapinda. Kwa kawaida hilo si jambo la kumnyima mtu usingizi, gari linatembea tu hata soketi ikiwa haipo, lakini kamati ya kanisa ilikuwa imeshanunua kidude, cheusi, kidogo kama kiberiti, unakichomeka kwenye ile soketi kinakuwa kinatuma habari kwenye simu ya katibu: kombi iko wapi, imekimbia spidi gani, imesimama dakika ngapi. Na walikinunua kwa nini? Kwa sababu kuna muumini alikuja mbio kusema kaiona kombi ya Bwana imeegeshwa karibu na uwanja wa mbio za farasi siku ya mashindano, penye kamari. Ilikuwa gerejini kwangu, jamani, nabadilisha taa ya nyuma! Papa Kasongo aliwaeleza, wakamwambia sawa Papa, tumekusikia, halafu wakaenda kununua kidude.

“Fundi,” aliniambia siku aliyoileta, ameinama kunionyesha kile kipande kilichovunjika, “iyi kitu goti yangu njo iliivunja. Banataka kutia ile kidude ya kunichunga, na miye sina shida, batie tu. Lakini iwe muzuri mbele ya siku ya yenga, basiseme Kasongo aliharibisha makusudi.”

(Siku ya yenga ndiyo Jumapili kwa Kiswahili chao, na njo ni ndiyo.) Nikamwambia ondoa shaka Papa, hiyo kazi ya kunywea chai.

Jumamosi asubuhi nikaenda skrapu kutafuta soketi, kwa mama mmoja wa Kizulu anayejua vipuri kuliko waliovitengeneza. Akanitolea moja safi, ya zambarau kama ile iliyovunjika, imekatwa na vipande vya waya wake vinaning'inia nyuma, nikaichomeka mashine yangu pale pale kuona kama inaingia, ikaingia ikalia ta! Ilikuwa imetoka kwenye gari la kampuni nyingine kabisa. Yule mama akaniambia kwa Kizulu chake kilichochanganyika na Kiingereza, nawatafsiria, “Bhuti, hizi zote sura moja, ziko hivyo makusudi ili kila mashine iingie. Ukifika kaangalie matundu, usiangalie sura.” Nikamjibu sharp, sharp, nikaondoka. Mimi wa kuambiwa hivyo? Mimi Hemedi?

Ngoja niwaeleze alichomaanisha, ni rahisi, hata Mama Noela (mtamjua sasa hivi) alikuja kuelewa. Ile soketi ina matundu kumi na sita, nane juu nane chini. Umeme wa betri uko tundu la kumi na sita, ethi, yaani hasi, ziko la nne na la tano, hayo ni ya magari yote, lakini yaliyobaki kila kampuni inayatumia inavyotaka, na rangi ya waya inayoingia kila tundu ni matakwa ya kampuni pia, hakuna sheria. Kwa hiyo fundi mwenye akili zake akipata soketi ya gari jingine anachukua mita, anapima waya mmoja mmoja, huu unakwenda tundu la ngapi, na wa kwenye gari ulikuwa unakwenda tundu la ngapi, ndipo anaunga. Ni kazi ya nusu saa ukiwa na mgongo mzuri.

Mimi sikuwa na hiyo nusu saa. Siku hiyo kulikuwa na mechi ya watani wa jadi kule nyumbani, mpira unaanza saa kumi na moja ya Dar ambayo kwetu huku ni saa kumi, na wakati nalala chini ya usukani wa ile kombi ilikuwa saa tisa na dakika arobaini, na jamaa wa Rosettenville walikuwa wameshanipigia mara mbili kuniambia kochi linajaa. Nikaangalia waya za gari: nyekundu, nyeusi, kijani, kijani yenye mstari. Nikaangalia waya za soketi mpya: nyekundu, nyeusi, kijani, kijani yenye mstari. Nikacheka peke yangu kwa furaha. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kijani kwa kijani, tepu, tepu, tepu, nikabana soketi mahali pake, nikawasha gari likaunguruma vizuri kabisa (lingeacha kuunguruma kwa nini, wakati hakuna kilichochomekwa?), na Papa Kasongo aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote ameshika kofia yake akaniuliza, “Umeipima, Fundi?”

“Imepimwa, Papa.”

Nimeipima kwa macho. Uongo mdogo hivyo, wa kumwahi refa asipulize filimbi bila mimi. Na tulifungwa.

Basi jioni ile ile akanipigia Mama Noela. Huyu Mama Noela ndiye katibu wa kamati, ndiye kiongozi wa kwaya, ndiye mwenye ile simu itakayopokea habari za kidude, na kwa ufupi Pasta anahubiri lakini Mama Noela ndiye anayeongoza kanisa. Akasema kesho baada ya ibada kwaya inasafiri kwenda Midrand kuimba katika ufunguzi wa jengo la kanisa ndugu, wanatakiwa pale saa tisa kamili, kwaya sita zimealikwa na wao ndio wa kwanza kuimba, kwa hiyo kabla ya kuondoka kidude kitachomekwa na kuombewa, na wangependa kitiwe na fundi mwenyewe ili washukuru mbele ya kanisa. Mtu mwenye akili angesema yeye ni Mwislamu, ana udhuru, ana homa. Mimi nilipiga pasi shati langu la Idi. Mke wangu akaniuliza wewe na kanisani wapi na wapi, nikamjibu, kwa sauti ya chini ya mtu mkubwa, naitwa kama mtaalamu.

Nikafika mchana saa saba. Ibada ilikuwa imeshamwagika barabarani, kanisa zima liko nje, kwaya wamevaa sare za kitenge kipya cha bluu na nyeupe, spika imeteremshwa imewekwa kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, ng'ambo kuna akina mama wanachoma mahindi na vijana wanauza soksi, wote wamegeuza viti kutuangalia sisi. Nikapewa kiti cha mbele. Nikapigiwa makofi. Nikapewa maikrofoni! Hapo ndipo shetani alipokuwa, kama mnamtafuta, alikuwa ndani ya ile maikrofoni, kwa sababu badala ya kusema asanteni nikaanza kusema habari zangu, kwamba soketi hizi watu wengi wanaziharibu, kwamba kuna mafundi mji huu wanaunga waya kwa kubahatisha, kwamba mimi kazi ile naweza kuifanya nimefumba macho. “Amina!” wakasema. Nami nikajibu Amina.

Nikaingia, nikakichomeka kidude, kikalia ta! Mama Noela akanipa vibano vya plastiki nikakifunga kwa nguvu, viwili, halafu akabandika stika ya kamati yenye sahihi yake ili dereva asije akakichomoa siku akitaka kwenda kwenye farasi zake (alilisema hilo kwa sauti, Papa Kasongo akiwa amesimama pale pale). Yeye mwenyewe akapanda akakaa kiti cha mbele, na Papa Kasongo akaingia, akakunja magoti yake, akazungusha ufunguo.

Taa zote zikawaka. Kubwa, ndogo, indiketa za pande zote mbili. Waipa zikaanza kupangusa kioo kikavu kwa kasi ya gharika, zinalia kwi! kwi! kwi!, feni ya rejeta ikavuma kwa nguvu yake yote na injini haijawaka hata kidogo, milango ikawa inajifunga na kujifungua yenyewe, ka-tak, ka-tak, na pale kwenye dashibodi kila taa ya onyo iliyowahi kutengenezwa na binadamu ilikuwa inamwangalia Mama Noela usoni.

“Damu ya Yesu!” Mama Noela akapiga kelele, na kwa ule unene wake na ile milango inayojifunga sijui alitokaje, nilimwona tu yuko nje.

Mimi nilijua saa ile ile. Sikuhitaji tochi wala mita. Gari za siku hizi kompyuta zake zinazungumza, ya injini na ya taa na ya ufunguo, kwenye njia moja ya waya, na kwenye ile soketi ya skrapu waya mwekundu ulikuwa ni wa hiyo njia ya mazungumzo na wa kijani ndio uliokuwa wa umeme, kinyume kabisa cha ile kombi, kwa hiyo mimi na rangi zangu nilikuwa nimechukua umeme wa betri nikaupeleka kwenye mdomo wa gari. Hakuna kompyuta iliyomsikia mwenzake. Zikishakosana namna hiyo kila moja inafanya lile la usalama inalolijua: taa iwake, waipa ipanguse, feni izunguke. Na ufunguo hautambuliki, gari haliwaki ng'o.

Kuchomoa tu kidude kungetosha kutuliza fujo. Ningesema, “Samahanini, kuna kosa langu dogo, nipeni dakika kumi,” mkasa ungeishia hapo na nisingekuwa na cha kuwahadithia. Badala yake nilibaki nimesimama na maikrofoni mkononi na shati la Idi mwilini, na Pasta akavua koti.

“Iyi hapana ya kawaida,” Pasta akasema. “Wapendwa, nyoosheni mikono!”

Mikono mia ikanyooka kuelekea kwenye boneti. “Hata weye Fundi!” akaniambia, nami nikanyoosha, ningefanyaje, huku kimoyomoyo nasoma Ayatul Kursi, si kwa ajili ya gari, kwa ajili yangu mimi. Pasta akaanza kulikemea, toka kwa taa, toka kwa milango, toka kwa waipa, na wallahi pale aliposema waipa, waipa zikasimama. Kelele iliyopigwa! Vigelegele, watu wanaruka, mmoja wa akina mama wa mahindi ng'ambo akasema haibo! akaacha mahindi yanaungua. Halafu zikaanza tena, kwa kasi mara mbili.

Hapo hali ikabadilika. Pasta akaonekana amechoka, saa ilikuwa inakwenda, Midrand wanasubiri, na Mama Noela akageuka taratibu akaniuliza mbele za watu, “Fundi, weye njo unajua magari. Unaona nini?”

Hii ndiyo ile sehemu. Nilijifanya kuinama kuangalia, nikaiona tepu yangu mwenyewe, nikainuka nikasema kwa sauti ya mtaalamu, “Hii... hii si ya kawaida, Mama.”

Sikumtaja mtu. Hayo ndiyo niliyokuwa najiambia, sikumtaja mtu. Lakini Mama Noela alikuwa na mtu wake tayari. Akamgeukia Papa Kasongo. “Gari ilikuwa muzuri jana, Fundi aliipima, weye mwenyewe ulisema aliipima. Usiku kucha funguo iko kwako. Nani hakupenda kidude? Nani ako na siri ya kuficha? Kasongo, ulifanya nini kwa iyi gari?”

“Mama Noela, miye sikugusa kitu.”

“Na kule kwa farasi pia hukuenda?”

“Nilienda kwa fundi. Muulize, ako hapa.” Akaniangalia. Akangoja. Nami nikaanza kuikagua spika kana kwamba ni mara yangu ya kwanza kuona spika.

“Miye naapa mbele ya Mungu, sikuharibisha,” akasema tena, na akaniangalia tena. Watu walikuwa wameanza kunong'ona, mmoja akasema tumemlea muda mrefu, mwingine akasema na chumba tumempa. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni pa ukumbi kawashika wajukuu mmoja huku mmoja huku, na sikiliza, mimi nina watoto, najua mtu anavyowashika watoto akiwa anahesabu atakwenda nao wapi. Mama Noela akanyoosha mkono. “Leta funguo.”

Papa Kasongo akazitoa. Akavua na ile fulana ya juu yenye jina la kanisa waliyompa ya kuendeshea, akaikunja vizuri, kona kwa kona, akaiweka juu ya kiti cha dereva, akaniangalia mara ya tatu.

“Ni mimi,” nikasema.

Nilikuwa nimesahau kwamba maikrofoni iko wazi. Ikatoka kwenye spika NI MIMI, mtaa mzima, na sauti yangu ilikuwa inatetemeka, na macho yananitoka machozi, na shati limelowa jasho, na ndugu zangu, nani angewalaumu?

“Anasema!” Pasta akaruka. “Pepo anasema! Ameruka kwa Fundi!”

“Hapana, Pasta, ni mimi! Mimi ndiye!”

“Minajua ni weye! Toka!”

Mkono wake ukatua kichwani kwangu, wanakwaya wanne wakanishika mabega nisije nikaumia nikianguka, na wakawa wanangoja nianguke. Kila nikisema ni mimi wanazidisha. Nikasema waya, wakasema toka. Nikasema nyekundu, wakapiga kelele damu! Nilifika mahali nikafikiria nianguke tu, yaishe, nilale pale chini nizinduke nikiwa mtu mpya asiye na kosa, na kusema kweli lilikuwa wazo zuri.

“Mumuache aseme.” Alikuwa Papa Kasongo. Hakupaza sauti, aliingia tu katikati kwa ule urefu wake akautoa mkono wa Pasta kichwani kwangu kama mtu anavyotoa jani. “Hana pepo. Huyu ako na neno. Sema, Fundi.”

Nikasema. Safari hii polepole, neno kwa neno, ndani ya maikrofoni. Kwamba soketi niliitoa kwenye gari jingine. Kwamba niliambiwa niangalie matundu nikaangalia rangi. Kwamba sikuipima, na Papa Kasongo aliponiuliza nilimdanganya. Kwamba tangu taa zilipowaka nilikuwa najua. Kwamba siku ile ya farasi kombi ilikuwa kwangu, taa ya nyuma, na nimekaa kimya hilo nalo. Nilipomaliza waipa zilikuwa bado zinapangusa, kwi, kwi, kwi.

“Kwa hiyo,” Mama Noela akasema, “hakuna pepo?”

“Hakuna, Mama.”

“Sasa juu ya nini hukupima?”

Nikatazama chini. “Kulikuwa na mpira.”

Ng'ambo ya barabara kuna kijana wa soksi, mtu wa Kigoma kumbe, alikuwa anaelewa kila kitu tangu mwanzo, akaangua kicheko mpaka akakaa chini, na kicheko kile kikavuka barabara, kikamwingia mmoja wa kwaya, kikaenda mpaka kwa Pasta mwenyewe aliyekuwa anajikaza kwa kuvaa koti lake upyaupya. Nikalala kifudifudi chini ya usukani na shati langu la Idi, nikakata vibano, nikakata stika yenye sahihi, nikachomoa kidude, nikaikata na soketi yangu nzuri ya zambarau, nikafungua betri nikaiacha itulie, nikafunga tena, na muda wote huo, ili wasipoteze muda, kwaya nzima wamenizunguka wanafanya mazoezi. Hamjawahi kuona aibu mpaka muimbiwe sauti nne mkiwa mmetoa makalio nje ya mlango wa gari. Kombi ikawaka.

Mama Noela akampa Papa Kasongo funguo. Hakuzipokea.

“Ya kwanza uliisema na sauti kubwa, Mama,” akamwambia. “Na iyi uiseme na sauti kubwa.”

Niwe mkweli, nilimheshimu yule mama siku ile. Aliichukua maikrofoni, akasema mbele ya kanisa na ya wauza mahindi kwamba amemsingizia baba wa watu na anamwomba msamaha, halafu akaichukua ile fulana kwenye kiti akamkunjulia mwenyewe avae. Ndipo Papa Kasongo akapokea funguo. Akakaa, akakunja magoti, akasema, “Fundi anapanda. Ikizima njiani atasukuma.”

Kwa hiyo nilikwenda Midrand. Nilikaa kwenye kigoda katikati ya dereva na Mama Noela, mita mapajani, na huko nyuma walikuwa wameshatunga wimbo, nyekundu kwa nyekundu, mmoja anaanzisha wengine wanaitikia, kila robot (ndiyo taa za barabarani kwa huku) ikitusimamisha magari ya jirani yanashusha vioo yasikilize. Papa Kasongo hakuimba, aliangalia barabara. Tulichelewa, wakaimba wa tano badala ya wa kwanza.

Walipokuwa ndani mimi na yeye tulibaki kwenye maegesho. Nikaanza, “Papa, kuhusu ile waya...”

“Ile waya nilishakusamehea palepale,” akasema. “Mutu anakosea. Miye pia niliivunja na goti. Lakini nilikuangalia mara tatu, Fundi. Ulikuwa unajua, na uliniangalia vile banaangalia mutu hawamujui.”

“Nisamehe na hiyo, Papa.”

Akafikiria. Alifikiria kweli, hakuwa anajifanya. “Iyo ngoja kwanza,” akasema, akaingia ndani kusikiliza kwaya yake.

Tangu siku hiyo soketi haiingii kwenye gari kwa mkono wangu kabla sijaipima tundu kwa tundu, hata iwe mpya ndani ya boksi, hata mpira uwe fainali, na wateja wananiona punguani. Lakini hicho si kiapo chenyewe, hicho ni kazi tu. Kiapo chenyewe ni kwamba nikiharibu kitu, nitasema mimi kwanza, kabla hajaulizwa mtu mwingine yeyote. Nimeshakitimiza mara nyingi kuliko fundi mzuri anavyopaswa.

Papa Kasongo bado anaendesha ile kombi, na bado anaileta kwangu. Kila sikukuu ya Idi anakuja na mkewe na wajukuu tunakula pilau, ananiulizia watoto wangu kwa majina, ananitania habari za pepo mpaka mke wangu analia kwa kucheka. Ila kuhusu ule msamaha wa pili hajaniambia neno mpaka leo, na mimi sijathubutu kumkumbusha.